Siku Tuliyokataa Kunawa

Kasese, magharibi mwa Uganda, Kiswahili changu kilifunga milango mingi kuliko kilivyofungua. Hili hakuna aliyeniambia nilipokuwa Makambako nakunja mashati meupe sita na kuyapanga kwenye sanduku. Niliambiwa tu kwamba nchi ninayokwenda wapo wanaojua Kiswahili, nikajiona nusu ya kazi imekwisha kabla sijapanda basi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiamini kupita kiasi.

Wa kwanza kunifumbua macho alikuwa baba mmoja aliyekaa karibu na mto Nyamwamba. Nilipiga hodi, nikamwamkia kwa heshima zote za nyumbani. Akatoka polepole, viganja amevikunjua mbele yake tuvione, akasema, "Afande, hapa hakuna kitu." Mwenzangu alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kule, Kiswahili ni lugha ya kambi. Wanaokisema mchana kutwa ni askari na wake zao waliotoka mikoa ya mbali, na mkulima wa Kikonzo akikisikia mlangoni anajiuliza kwanza amekosa nini.

"Mtumishi," mwenzangu aliniambia tukiondoka, "wewe unaongea kama taarifa ya habari. Punguza."

Huyu mwenzangu alikuwa kijana wa Kitale, amenitangulia kazini mwaka mzima. Kanisa lilitutuma wawili wawili, na hatukuruhusiwa kutengana hata kwenda dukani kununua chumvi. Tuliamka saa kumi na mbili, tukasoma maandiko mpaka jua likaanza kuunguza bati, tukafunga tai na kutoka. Joto la Kasese halina huruma na tai. Kufika saa saba shati limeshika mgongo, vumbi limeshika shati, na sisi bado tunatabasamu mbele ya milango ambayo haifunguki. Jumatatu tulifua, na Jumatatu hiyohiyo ndiyo tuliyoruhusiwa kupiga simu nyumbani. Sheria zote zilikuwa kwenye kijitabu cha mfukoni. Usiingie nyumba ya mwanamke aliye peke yake, kaa uani. Usijiingize kwenye siasa. Usisogelee kambi ya jeshi.

Mama mmoja wa Bugoye ndiye aliyefanya kinyume na wengine wote. Wenzake waliposikia Kiswahili changu walirudi ndani. Yeye alitoka mbio, na kanga ya shambani bado kiunoni. Alikuwa mjane, analima kahawa na muhogo kwenye mteremko unaotazama bonde la Mubuku, chini kidogo ya bomba kubwa linalopeleka maji kwenye mitambo ya umeme. Alituwekea viti uani, akatuletea mkungu mdogo wa ndizi mbivu, akakaa akinitazama mdomo. Hakujua Kiswahili hata neno. Alimwita jirani yake, mwanamume wa makamo anayebebea watalii mizigo kutoka Nyakalengija kupanda mlimani, ndiye awe mkalimani wetu.

Niliona ni muujiza. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu kwamba tumepata moyo ulio tayari. Naona aibu hata kuyarudia maneno hayo.

Tulimfundisha wiki tatu, Jumatano na Jumapili. Kila mara alitulisha. Alitushikia jagi, akatumwagia maji mikononi, akatuwekea obundu, ugali wao wa muhogo unaovutika, na sombe, kisamvu chao kilichokolea mawese. Mwishoni mwa somo la sita, tulipomaliza kuomba, alizungumza kirefu na jirani yake. Jirani akanigeukia.

"Mama anasema, wewe unaongea kama ile maafande. Kijana yake iko jeshini. Alikuwa anapiga kwa simu yangu kila mwisho ya mwezi. Walimuvusha Congo, na sasa mwaka moja na miezi mbili, simu hakuna. Mama alienda kwa geti ya kambi mara mbili. Hawamusikii, yeye haiko na Swahili. Sasa anauliza, wewe unaweza enda uwaulize kama ni muzima?"

Ndipo nilipojua kwa nini alinitazama mdomo. Hakuwa ametukaribisha kwa ajili ya Injili. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, alitaka kujua kama yu hai, na Mungu au yeyote mwingine alikuwa amempelekea kijana mwenye lugha ya getini.

Mwenzangu alinikanyaga mguu. Nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo.

Tulibishana siku mbili. Yeye aliniambia sheria ni sheria. Mimi nikamwambia hata msamaria hakuuliza kijitabu. Nilikuwa mwepesi wa kusema mambo kama hayo. Mwishowe alikubali kunisindikiza kwa sababu kutonisindikiza nako kulikuwa kosa, na Ijumaa asubuhi tukaenda kwenye geti la kambi tukiwa na tai zetu na vitambulisho vifuani.

"Simama hapo! Wewe! Unataka nini?"

"Shikamoo, afande."

Askari alinitazama kana kwamba nimemvua kofia. Nikaeleza kwa Kiswahili changu safi. Akasikiliza mpaka mwisho, na nafikiri alikuwa mtu mwema, maana hakukasirika.

"Huyu kijana iko na namba gani?"

Sikuwa na namba ya jeshi. Nilikuwa na jina, jina la kijiji na habari za mama yake.

"Bila namba hakuna. Majina kama hiyo iko mingi. Na wewe ni mutu ya wapi? Tanzania? Pasipoti iko wapi?"

Pasipoti zetu zilitunzwa ofisini kwetu Kampala. Tulitembea na nakala. Aliigeuza ile karatasi huku na huku, akaniuliza Mtanzania anatafuta nini kwenye habari za askari wa Uganda. "Geuka. Enda. Usirudi hapa," akasema. Tuligeuka, tukaenda. Kiswahili nilichokuwa najivunia kilikuwa kimetufikisha hapo tu.

Jumapili mama alikuwa ametungoja barabarani. Alipika kuku. Jirani alikaa, mama akakaa, na wote wawili wakanitazama. Mimi niliyezoea kuwafundisha watu amri kumi nikafungua kinywa nikasema, "Wanatafuta."

Neno moja. Lilinitoka kwa sababu nilishindwa kusema "walitufukuza" mbele ya uso ule. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami dole langu lilikuwa zima kabisa. Mama alipiga makofi mara moja, akafumba macho, akasema "wasingya, wasingya," asante, asante, kwangu na kwa Mungu pamoja. Mwenzangu alitazama kuku.

Njiani hakunisema. Aliniuliza tu, "Na Jumatano utamwambia nini?"

Jumatano nilimwambia bado wanatafuta. Jumapili iliyofuata nikasema mambo ya jeshi huchukua muda. Nilijipa moyo kwamba kijana angepiga simu siku yoyote, na uongo wangu ungefutika wenyewe. Niliomba hivyo hasa, kwa magoti, kwamba Mungu aninusuru na mdomo wangu. Mama naye alinawiri. Alianza kupalilia kahawa aliyokuwa ameitelekeza. Jirani alituambia amemnunulia kijana shuka jipya.

Halafu Jumamosi moja jioni kiongozi wetu alipiga simu kutoka Kampala. Habari za getini zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema Jumatatu tutahama wote wawili, twende Bwera, na kwamba kuna mambo ambayo hata moyo mwema hauruhusiwi kuyagusa. Nilisema ndiyo. Nilipokata simu nililia kwa hasira, nikimlaumu yeye, na askari, na kijitabu, kila mtu isipokuwa mimi.

Ikabaki Jumapili moja ya kuaga. Niliamua nitasema yote: kwamba tulifukuzwa, kwamba hakuna anayetafuta, anisamehe. Jumapili hiyo ilikuwa ya kwanza ya mwezi, na Jumapili ya kwanza tulikuwa tunafunga, hatuli wala hatunywi mpaka jioni.

Tulimkuta mama peke yake. Jirani alikuwa amepanda na watalii asubuhi, anatarajiwa kurudi mchana. Mama alifurahi, akatandika mkeka uani, akaleta obundu inayofuka na samaki mzima wa ziwani. Kisha akaja na jagi na beseni, akapiga goti mbele yangu kuninawisha.

Nikarudisha mikono nyuma.

Tulifundishwa kwamba ukifunga usijitangaze kwa watu. Paka mafuta kichwani, nawa uso, Baba aliye sirini anaona. Kwa hiyo sikuonyesha tumbo, sikuonyesha mbingu, sikujaribu ishara yoyote. Nilitikisa kichwa tu na kusema, "Leo hapana, mama." Na uso wangu ulikuwa uso wa mtu aliyekuja kukiri. Mama akamgeukia mwenzangu na jagi lake. Mwenzangu naye akarudisha mikono.

Aliliweka jagi chini taratibu sana. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwa mtu, akaanguka kifudifudi kwenye mkeka, samaki akamwagika.

Sikuelewa chochote. Nilimshika bega akanisukuma, si kwa chuki, ila kama mtu anayetafuta nafasi. Wanawake walitokea migombani mbio, wakaona chakula ambacho hakikuguswa na vijana wawili wamesimama na tai zao, na bila kuuliza neno wakaanza kulia naye. Uani kukajaa watu. Tulisimama pale, kiasi cha saa nzima nafikiri, na kila aliyefika alitupa mkono wa pole.

Jirani alipofika, mzigo bado mgongoni, alinivuta pembeni.

"Wamekuambia lini?"

"Kuniambia nini? Sijaambiwa kitu!"

"Sasa mbona umekataa kunawa? Hapa, mutu analeta habari ya kufa, hakuli. Hawezi kula chakula ya nyumba mbele ya kusema. Kila mutu anajua hiyo."

Nikamweleza kwamba tumefunga, ni ibada tu. Nikamweleza na la getini, na uongo wangu wote. Alinisikiliza, akatua mzigo, akaenda kuinama sikioni kwa mama. Kilio kikapungua. Mama akainuka akakaa, akajifuta uso kwa kanga. Aliuliza kitu kifupi, wanawake wakanigeukia.

"Nimemwambia yote," jirani akasema. "Anasema, sawa, kama hamujaleta kifo, basi useme wewe mwenyewe, kwa kinywa yako: kijana yake ni muzima?"

Nilitaka kusema ndiyo. Haki ya Mungu nilitaka, na ndimi huyuhuyu niliyemdanganya mara tatu bila kusitasita. Lakini nilikuwa nimeapa asubuhi ile kwamba sitamdanganya tena mama yule.

"Sijui, mama," nikasema.

Jirani akatafsiri. Mama akatikisa kichwa polepole, kwa upole kabisa, kama anayemhurumia mtoto aliyetumwa kazi kubwa kuliko umri wake, akajilaza tena kwenye mkeka. Wanawake wakaanza upya.

Jumatatu tulipita Kikorongo na masanduku yetu, tukaingia Bwera. Huko mpaka wa Congo uko jirani, na Kiswahili kimezagaa sokoni kote, cha Kikongo, cha haraka na cha kirafiki. "Ndugu yangu, uko mutu wa wapi?" wakaniuliza wauza vitenge, wakacheka matamshi yangu, wakanipa kiti. Milango ilifunguka. Tulifundisha watu wengi mwezi ule kuliko miezi yote ya Kasese, na sikumbuki uso wa hata mmoja. Askari walivuka kutoka ng'ambo kwa malori. Mara mbili nilisogea nikamtaja kijana kwa jina, na mara zote mbili walinijibu walivyonijibu getini: namba.

Wiki ya tano jirani alipiga. Mwenzangu ndiye aliyekuwa na simu. Akanipa, akakaa karibu yangu.

"Jana tumezika," jirani akasema. "Mwili hakuna, tumezika mugomba kwa nafasi yake, kama kawaida. Watu walikuwa wengi. Sasa mama anapumuzika. Mbele alikuwa anakaa macho usiku yote anangoja simu, sasa analala."

"Kuna habari yoyote imekuja? Kutoka jeshini?"

"Hapana. Hakuna."

Nilimuuliza kama mama anajua kwamba sikuwa na habari yoyote, kwamba sina mpaka leo.

"Nimemuambia mara nyingi. Anasema watu wote walikuwa wanaogopa kumwambia, na wewe pia uliogopa kwa kinywa, lakini mikono yako haikudanganya. Mama iko hapa, amekaa na mimi. Anasema wasingya. Nimuambie nini?"

Nilisikia pumzi ya mama kwenye simu, karibu sana. Nilijua maneno ya kusema na nilijua hayana pa kwenda.

"Mwambie nimepokea," nikasema.