Posa ya Elektroni Muyinga

Niliondoka Gitega kwa sababu ya urani. Zainabu, msichana niliyemfundisha fizikia hapa mjini, alikuwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo katika maabara moja ya ng'ambo, na jibu lilitakiwa kabla ya wiki kwisha. Baba yake, anayeuza na kutengeneza viberiti vya gesi sokoni Muyinga, alikuwa amekataa. Alisikia kwamba huko wanachunguza urani, akasema mtoto wake hatakwenda kuchezea sumu ya mabomu. Nikaona heri niende nimweleze ana kwa ana.

Asubuhi, mtaani kwetu Magarama. Kwetu mtu haendi kuomba jambo zito peke yake. Huenda na msemaji. Wangu alikuwa Papa Byamungu, Mkongomani muuza vitenge, jirani yangu mwenye pikapu. Nilimkuta amevaa koti na tai, anapakia kreti ya Fanta.

"Papa, koti la nini na jua hili?"

"We mwalimu, unaenda kuomba ama unaenda kulima? Mi ndio nitaongea. We unyamaze tu, utatuharibia na sayansi yako."

Baada ya Karuzi barabara ilikuwa nyeupe, na Byamungu akataka kujua elektroni za ndani ya metali, ambazo maabara hiyo inazichunguza, tunazionaje. Nikamwambia hatuzioni. Tunaimulika metali kwa mwanga wenye nguvu, elektroni chache zinaruka nje, nasi tunapima zimetoka kwa kasi gani na kuelekea upande gani. Kutokana na hapo tunajua zilikuwa zinaishije ndani.

"Bon. Ni kama mtu anatoka kwa baa," akasema. "Ukiona vile anatembea, unajua kule ndani alikuwa namna gani."

Nilicheka, lakini mfano bora kuliko huo sikuwa nao.

Gashoho tulikuta siku ya soko, na pikapu ikakwama katikati ya watu. Mama mwenye ndizi hakuweza kusogea mpaka mwenye mbuzi asogee, na mwenye mbuzi alimsubiri mwenye baiskeli. Nikamwonyesha Byamungu: hivi ndivyo ilivyo ndani ya seri, moja ya zile metali ziitwazo adimu. Ndani ya shaba, elektroni zinapita kama watu kwenye barabara pana. Ndani ya seri kuna zile ambazo ni kama hazijaamua, zikae na atomu yao au ziondoke, na hatua ya kila moja inategemea wenzake wote. Ndiyo maana hesabu yake ni ngumu, na ndiyo maana inavutia.

"Zipigiwe honi," akasema Byamungu, akapiga.

Adhuhuri tuliingia Muyinga. Nilikuwa nimepiga simu kusema tu kwamba nakuja na msemaji, nikatarajia kumkuta mzee na mkewe tu. Nikakuta mikeka imetandikwa, pilau inanukia, majirani wamejaa mlangoni. Shangazi yake Zainabu, Mama Mwajuma, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ni huyu? Mbona iko na mvi?"

Sikuelewa. Byamungu akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Baba, mama, sisi hatukuja kupita tu. Tumekuja kuomba binti yenu. Voilà."

Vigelegele vikapasuka nyuma ya nyumba. Zainabu akatoa kichwa kwenye pazia, macho yamemtoka. "Mwalimu! Si una mke?"

Hapo ndipo nilipoyaona mambo kama walivyoyaona wao: wanaume wawili, msemaji mwenye tai, kreti ya Fanta, nyumba yenye binti mkubwa. Baba yake akauliza polepole, "Mnamuombea nani?"

"Maabara," nikasema.

Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Mzee naye alicheka, kisha akapangusa macho. "Kumbe ni ile urani yenu."

"Baba, hatari haiko. Hata kidogo," akasema Byamungu.

Ilinibidi nivunje sharti lake la kunyamaza. "Ipo, mzee. Urani na jamaa zake zinatoa miale. Wanaozishika wamefundishwa, wanatumia kiasi kidogo, wana kinga, na hupimwa wamepata miale kiasi gani. Zainabu ataanza na seri, ambayo haina miale hiyo. Baadaye huenda akafika kwenye urani."

Byamungu alinikanyaga mguu.

"Seri ni kitu gani?" mzee akauliza.

Nilifungua mdomo, lakini Zainabu alikuwa ameshachomoa kiberiti mfukoni mwa shati la baba yake.

"Baba, unaiuza kila siku. Kijiwe cha humu ndani iko na seri." Akakisugua, cheche zikaruka. Nilijiandaa kumsahihisha; wanafunzi wengi hapo husema cheche ndizo elektroni. "Hii si elektroni. Ni vumbi la metali linaungua. Mi nataka kujua zile za ndani zinaishi namna gani. Ukikwangua kijiwe kinang'aa, halafu kinafifia, si kweli?"

"Ego, ni kweli. Hewa inakiharibu."

"Na mwanga unatoa elektroni za juujuu tu. Kwa hiyo uso lazima uwe safi. Kule wanausafisha mahali hewa haiko kabisa, ndipo wanamulika."

"Na ukishajua, inasaidia nini?"

"Metali zingine za namna hii, kwenye baridi kali, zinapitisha umeme bila kuupoteza. Kwa nini, bado haijaeleweka vizuri. Mi nataka kuwa kati ya wanaotafuta, baba."

Mzee alikichukua kiberiti chake, akakigeuza mkononi. "Mwalimu, wewe umesema hatari iko. Mngesema wote haiko, mngerudi na Fanta zenu." Akamtazama binti yake. "Mahari yangu ni hii: usiguse urani kabla ya kuniambia. Na ukirudi likizo, unieleze tena hapa, mbele ya shangazi zako."

"Ego, baba," akasema Zainabu, akalia.

Vigelegele vikapigwa upya.

Tulirudi jioni. Gashoho soko lilikuwa limekwisha na barabara i wazi. Maelezo marefu niliyoyaandaa tangu Gitega nilikuwa nayo bado, mazima. Kazi yangu Muyinga ilikuwa kusema kwamba hatari ipo; mengine yote Zainabu alikuwa nayo mwenyewe, na mwalimu hapati zawadi kubwa kuliko hiyo.

Byamungu alikuwa amepewa kiberiti. Alikisugua, akatazama cheche.

"Vumbi linaungua," akaniambia kwa sauti ya mtaalamu. "Si elektroni, mwalimu. Usidanganye watu."