Wakwe Njia Panda

Nakumbuka Jumamosi ile mpaka harufu ya sambusa zilizokuwa kiti cha nyuma. Mwanangu, umeniambia kesho unakwenda kufanya mtihani wa leseni, na kwamba kitabu umekimaliza chote. Vizuri. Sasa zima hiyo simu, nikwambie lisilo kitabuni.

Ilikuwa mwaka 2015, hapa hapa Whitehall, ugenini huku, wewe bado unalia ukinyimwa katuni. Kwa umri nilikuwa mama mtu mzima, lakini kwenye usukani nilikuwa kijana kuliko wewe. Leseni yangu ilikuwa mpya, nikiitazama kama picha ya harusi. Nyumbani Kigoma sikuwahi kuendesha hata baiskeli.

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada yako Neema. Walitoka Louisville, jimbo la Kentucky, asubuhi: Papa Amani, mkewe Mama Amani, na msemaji wao, mzee mmoja mwenye mvi anayeitwa Papa Byamungu, aliyeshuka kutoka Buffalo kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Watu wa Uvira hao, ng'ambo ya ziwa letu, na Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa. Baba yako alikwishavaa suti tangu alfajiri na alikuwa anazunguka sebuleni kama anayesubiri kufungwa. Mimi nikatoka mara moja na dera langu la nyumbani kuchukua sambusa kwa rafiki yangu. Nilijua nitarudi na kubadilisha nguo kabla wageni hawajafika.

Nikiwa narudi nikafika ile njia panda iliyo karibu na fleti zetu, ile yenye kibao cha stopu kila upande. Nikasimama sawasawa, kama nilivyofundishwa. Hakukuwa na gari lingine. Kabla sijaondoka, kushoto kwangu likaja gari lenye namba za Kentucky, nalo likasimama. Nikatazama ndani. Suti. Kilemba cha kitenge kirefu hivi. Wakwe!

Sasa niambie wewe, mama wa binti atampita vipi mkwe wake siku ya posa? Tena na dera? Nikainamisha kichwa, nikawapungia mkono: piteni. Papa Amani naye alikuwa amekwishanitambua kutokana na picha. Akaweka mkono kifuani, akanipungia: pita wewe, mama. Nikapunga tena. Akapunga tena. Tulikaa pale tukiheshimiana hadi gari jingine lilipotokea nyuma yangu na kupiga honi ndefu, ya hasira. Mimi nikashtuka nikakanyaga mafuta. Papa Amani naye akashtuka akakanyaga.

Pua ya gari langu ikaingia kwenye mlango wa mkwe wangu. Upande wa Mama Amani.

Mwanangu, nimepitia mengi, vita nimevisikia kwa masikio yangu haya, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika ule ukimya baada ya mshindo. Nilimwona yule mama ameshika mkono wake, kilemba kimemwangukia usoni. Nikasema moyoni, nimemuumiza mama wa mchumba wa mwanangu, na Neema wangu hataolewa. Kwao jambo kama hilo, njiani kuelekea kwenye posa, lingetosha kuwarudisha Louisville bila kuaga. Nikashuka nikilia, na sambusa zimemwagika mpaka chini ya kiti.

Polisi alikuja, kijana mpole. Akaniuliza nani alifika kwanza. Nikamwambia, mimi. Akauliza, basi kwa nini hukwenda? Nitamweleza mkwe ni nani kwa Kiingereza gani? Akaandika anayoandika, tukapeana namba za bima, akaondoka.

Ndipo Papa Byamungu akatutazama, mimi na Papa Amani, tumesimama kando ya barabara kama watoto waliovunja chungu.

"Bon," alisema. "Mama, ni nani alifika wa kwanza?"

"Mimi, papa."

"Donc ilikuwa zamu yako. Ulikuwa unangojea nini?"

"Nilikuwa nawaheshimu, papa."

"Heshima gani hii ya kuvunja mukono ya mutu?" Akamgeukia mwenzake. "Na weye, Papa Amani! Mama anakuonesha mukono, na weye unamuonesha mukono. Batu babili, kila mutu anapitisha mwenzake, na hakuna mwenye anajua ni nani anaenda."

Mzee akashusha pumzi, na sauti yake ikalegea.

"Kule kwetu, ku North Buffalo, iko stopu ku kila kona. Mwaka yangu ya kwanza nilikuwa napitisha kila mutu, najisikia mutu muzuri sana. Siku moja nilipitisha mama mumoja na mukono wangu huu. Akaniamini, akaenda. Gari ingine ikatoka upande ingine, ikamugonga. Alipona, Mungu ni mukubwa. Lakini ule mama ninamukumbukaka. Kama ningeenda kwa zamu yangu, naye angeangalia njia kwa macho yake."

Mimi nilikuwa namwangalia Mama Amani tu, maana uamuzi ulikuwa wake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari, miguu nje, akikunja na kukunjua vidole. Vyote vilikunjika. Kiwiko ndicho kilichokuwa kimevimba. Akakirudisha kilemba chake taratibu, akalitazama dera langu toka juu mpaka chini, halafu gari langu.

"Mama Neema," aliniita, mara ya kwanza. "Hizo ni sambusa zenye ziko zinanukia hivi?"

"Ndiyo, mama. Zimemwagika."

"Zote?"

"Nyingine zimebaki kwenye karatasi."

Akacheka. Nami nikalia upya, safari hii kwa furaha. Kisha akamwambia mumewe awashe gari, maana bado linatembea. "Ule alifika wa kwanza," alisema. "Muache atangulie, tumufuate."

Basi nikatangulia. Nikawaongoza wakwe zangu hadi mlangoni nikiwa na dera, taa moja imevunjika, na baba yako alipotuona nusura azimie. Barafu tukamwekea mgeni kwenye kiwiko, sambusa zilizopona zikaliwa, na Neema akaposwa. Watoto wa Neema ndio hao hao leo wanaokuita mjomba, nawe unawanyima simu.

Kwa hiyo mwanangu, sikia. Kwenye stopu ya pande zote, simama kabisa, gurudumu litulie. Aliyefika kwanza ndiye aendaye kwanza. Mkifika pamoja, mpishe aliye kulia kwako. Mkitazamana nawe unakata kushoto, mwache anayenyoosha. Anayevuka kwa miguu mpishe siku zote. Na asiyefuata haya, mwache apite. Usigombee zamu na mtu ambaye hakukuona. Lakini zamu yako ikifika na njia ni nyeupe, nenda. Usimpungie mtu mkono, awe mchungaji, awe mwalimu wako, awe mimi mama yako. Heshima yako utanipa nyumbani. Barabarani nipe zamu yangu, nawe uchukue yako, ili kila mmoja ajue mwenzake anafanya nini.

Nenda kesho kwa moyo mweupe. Upite mtihani, usafiri na urudi, mikono yako isimuumize mtu na ya mtu isikuumize. Na Mungu akutangulie, mwanangu. Huyo peke yake ndiye wa kumpisha hata kama zamu ni yako.