Popoo Tamu za Bibi Mwanaidi

Harufu ya karafuu na tambuu mbichi ndiyo iliyonipokea kila nilipotoka shule, katika nyumba yetu ya ghorofa ya kumi na moja, Scarborough, huko Kanada. Bibi Mwanaidi, mama yake mama, alikuja kutoka Tanga kunilea wakati mama akifanya kazi ya uuguzi. Aliketi dirishani, theluji ikianguka nje, akipaka jani la tambuu chokaa, akitia popoo na tumbaku kidogo, akikunja na kutafuna taratibu. Tumbaku hakunipa kamwe, lakini popoo tamu za pakiti, zilizouzwa duka la chini, alinigawia bila wasiwasi. “Hizo pipi tu, mke mwenzangu,” aliniambia, nami nilizipenda kupita kiasi.

Majira yale ya baridi nilikuwa na miaka tisa. Bibi aliacha kutia pilipili kwenye mchuzi kwa kuwa ilimchoma kinywa. Kisha akawa anakata chapati vipande vidogo vidogo, na akipiga miayo, kinywa kinafunguka nusu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo Bibi aliwasomea wengine. Mama alipogundua, akampangia miadi kwa daktari wa meno. Siku yenyewe mama akaitwa kazini, nikaenda mimi kutafsiri, mimi niliyezoea kumjibu Bibi kwa Kiingereza.

Daktari, mwanamke mpole, alimwomba aingize vidole vitatu kinywani, vimepangwa wima. Viliingia viwili. Akaeleza kwamba ngozi ya ndani ya mashavu imepauka na kukakamaa. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, huweza kuleta hali ile, na baadaye inaweza kugeuka saratani. Neno saratani sikulijua kwa Kiswahili. Nikasema, “Bibi, ni ule ugonjwa uliomuua Babu.”

Bibi akanishika mkono. “Muulize, na mtoto anayekula popoo tamu je?”

Nikauliza, na jibu nikalitafsiri nikilia: “Naye aache leo.”

Daktari akanikagua, kinywa changu kilikuwa salama. Bibi akanivuta kifuani. “Nisamehe, mwanangu. Sikujua. Basi, tumeacha sote wawili.”

Mazoea yana taabu. Wiki zile kichwa kilimuuma, akawa mkali hata kwa mambo madogo, na mara moja nilimkuta akilia jikoni. Lakini hakurudi nyuma. Kila jioni tulisimama mbele ya kioo tukifanya mazoezi ya kupanua kinywa aliyofundishwa, tukichekana nyuso. Kinyama kidogo alichokatwa shavuni hospitalini kikapimwa: hakikuwa na saratani. Mama aliposoma majibu alikaa chini sakafuni, koti lake bado mwilini.

Kinywa cha Bibi hakikurudi kuwa kama zamani, na bado nampeleka kukaguliwa mara kwa mara. Lakini yupo, anasimulia, anatukemea. Binti yangu ana miaka tisa sasa, umri wangu wa wakati ule. Juzi nilimkemea kwa kosa ambalo hakulifanya, na kabla sijaanza kujitetea nikamsikia Bibi moyoni. Nikapiga magoti, nikamwambia mtoto wangu, kwa Kiswahili, “Nisamehe. Sikujua.” Akanijibu kwa Kiswahili.