Mkia wa Kikundi

Mume wangu kinyozi hajui kutulia. Wiki nzima anamnyoa mtu huku mguu mmoja unachezacheza, unatafuta pedali. Wateja wameshamzoea. Siku yake ni Jumapili: anatoka alfajiri na kikundi chao cha baiskeli, anarudi mchana hoi, kafurahi, na mimi napata mume wa kuzungumza naye.

Taabu ni hiyo baiskeli, inakula kuliko watoto. Mwezi uliopita ilitaka tairi, kabla ya hapo breki. Juzi akanunua mnyororo mpya. Fundi akamwambia wazi, "Meno ya gia nayo yamekwisha. Mnyororo mpya kwenye meno haya utaruka tu. Badilisha vyote." Lakini hela ya gia ilishakwenda kwenye viatu vya shule, akasema mwezi ujao.

"Basi Jumapili hii pumzika," nikamwambia.

"Haiwezekani. Wamenipa mkia."

Mkia ndiye anayekaa nyuma ya wote. Ukipata pancha, anasimama nawe. Ukiishiwa pumzi, anakwenda mwendo wako. Hapewi mtu hivi hivi, na mume wangu aliingoja nafasi hiyo mwaka mzima. Jumamosi yote alikuwa anakaa, anainuka, anakwenda uani kuzungusha pedali na kutega sikio.

"Mnyororo umeruka," nikasema.

"Haujaruka."

Safari zao huishia kwetu, kwa sababu tuna bomba uani. Mchana wakaingia na vicheko vyao, wakigombea maji. Nikamtafuta mume wangu kati ya zile helmeti, sikumwona.

"Usijali, shemeji," akasema seremala, kiongozi wao. "Yuko nyuma. Leo yeye ndiye mkia."

"Nyuma ya nani? Si nyote mko hapa?"

Vicheko vikakatika. Wakaanza kuulizana. Mmoja alimwona kabla ya kupanda mlima. Baada ya hapo, hakuna. Hakuna hata aliyegeuka, maana kila mtu alijua nyuma kuna mtu. Seremala akampigia simu, ikaita chumbani kwetu, juu ya kabati. Nikayafikiria malori ya barabara ile.

Wakageuza baiskeli, maji yakabaki yanamwagika. Nikawafuata mbio na kandambili zangu, nikimtukana mume wangu kimoyomoyo.

Hatukufika mbali. Alitokea kwenye kona anachechemea, anaikokota baiskeli, mnyororo umejisokota kwenye gurudumu, suruali imechanika gotini na damu imekauka. Nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Hata hakunitazama. Alikuwa anawatazama wenzake, mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu.

"Wote mmefika salama?" akauliza.

Seremala alishuka, akampokea baiskeli, akaanza kuisukuma.