Kisima cha Bi Mwanaiddi

Mikidadi muuza dagaa hakuwa mtu wa kupendeza, na Majengo nzima ililijua hilo. Ukimuuliza habari za asubuhi alikujibu kwa kikohozi, na akinuna ananuna wiki. Watu walimvumilia, tena kwa heshima, kwa ajili ya kisima kilichokuwa nyuma ya msikiti.

Mama yake, Bi Mwanaiddi, alifika naye Mpanda kutoka Ujiji akiwa mjane, yeye Mikidadi akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Aliuza vitumbua. Maji ya kazi, ya kunywa na ya kuoga aliyafuata mtoni, saa nzima kwenda na kurudi, debe kichwani. Alipofariki mwaka sitini na tisa, wanawake waliomuosha walikuta utosini hana hata unywele mmoja, pale ngata ya debe ilipokaa miaka yote. Wakamwambia mwanawe. Arobaini ilipopita alinunua sururu akaanza kuchimba.

Alichimba viangazi viwili, peke yake, akikataa msaada kwa ukali kana kwamba watu wanataka kumwibia. Alipoyapata maji alimwita imamu, Sheikh Mustapha, akamwambia, "Nakitoa sadaka. Kila atakayekunywa humu, thawabu zimwendee mama."

Ikawa desturi ya Majengo. Anayechota, kabla ya kunywa, husema, "Mungu amrehemu Bi Mwanaiddi." Walisema waumini wanaotawadha, wakasema na Wakatoliki wa Mwamkulu waliopita na mpunga wao kwenda sokoni. Mikidadi alikaa barazani akichambua dagaa, akisikiliza. Wenzake walikuwa na redio, yeye alikuwa na maneno hayo. Mwenyewe hakuwahi kuyatamka, ilimtosha kuyasikia.

Kipindupindu kilifika mwanzoni mwa mwaka sabini na nane, katikati ya mvua kubwa. Mtu alikunywa chai asubuhi, na alasiri akawa anazikwa. Barabara zikafungwa. Sokoni wakabaki mbwa tu.

Bwana afya, Isidori, kijana mpole wa kutoka Mpimbwe, alikuja na mbao na misumari.

"Mzee Mikidadi," alisema, "mvua imejaza vyoo vya mtaa, na uchafu umeshuka kisimani. Nakifunga mpaka ugonjwa upite."

"Maji ya msikiti hayaleti maradhi," Mikidadi alijibu. "Nenda kafunge vilabu vya pombe."

Isidori alipigilia mbao zake akaenda zake. Hata hajafika barabarani, Mikidadi alishachukua nyundo. Alizing'oa zote mbele za watu, akazirundika pembeni, akatumbukiza ndoo mwenyewe. Watu waliona. Kama mwenye kisima haogopi, wao waogope nini? Wakarudi kuchota, na jina la Bi Mwanaiddi likatajwa kama kawaida, naye akakaa barazani kwake ameridhika. Jeuri ile ya nusu saa aliijutia mpaka anaingia kaburini.

Siku ya nne Isidori alirudi. Safari hii hakubeba mbao. Alimwomba Mikidadi amsindikize tu mtaani, kwenye nyumba zenye wagonjwa, naye akakubali ili amwaibishe. Kila mlangoni Isidori aliuliza swali moja.

"Nyie mnachota wapi?"

"Kwa Bi Mwanaiddi."

Nyumba ya pili, kwa Bi Mwanaiddi. Ya tatu, kwa Bi Mwanaiddi. Nyumba saba walizipita, na jina alilolipenda kuliko majina yote ya duniani lilimjia mara saba, likizidi kumchoma. Ya nane ilikuwa ya Mama Mwanahija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyemwita dada tangu utotoni. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana. Alimtambua.

"Mdogo wangu, nipe maji," alisema. "Nipe ya mama."

Mikidadi alichota kikombe kwenye mtungi wa kando, akasimama nacho, hawezi kumpa na hawezi kumnyima. Isidori alimpokonya taratibu, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kutoka kwenye chupa yake. Mama Mwanahija alikunywa matone mawili matatu akiamini ni ya kisima. Midomo ikasema maneno yale ya siku zote. Kabla ya adhuhuri akawa amekwenda.

Walimuosha wanawake wawili tu, kwa maji yenye dawa, na mazishini walikuwa watu sita. Mikidadi alitoka makaburini moja kwa moja hadi kwa imamu.

"Nimemuua dada," alisema. "Na kisima nikikifukia, mama yangu amebaki bila kitu. Niambie nifanye nini."

Sheikh Mustapha alimkalisha mkekani. "Kisima ulishakitoa, si chako tena. Lakini watu waliyarudia maji kwa ajili yako, na wataacha ukiwa wewe ndiye unayefukia."

Alasiri ile Mikidadi alisimama ukingoni, akatupa mafumba matatu ya udongo kama afanyavyo mtu kaburini. Aliposhika koleo alikuta Sheikh Mustapha ameshavua kanzu na kushika lake, na nyuma yake wanaume kumi na mbili, wengine wametoka kuzika ndugu zao juzi. Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyempa pole. Walifukia mpaka magharibi. Miaka miwili ya kuchimba iliisha kwa alasiri moja.

Kesho yake waumini waligawana kazi. Waliokuwa na baiskeli walifuata maji kwenye bomba la stesheni. Wanawake walitoa stoo yale masufuria makubwa ya maulidi, wakayainjika nyuma ya msikiti, pembeni ya udongo mpya, wakachemsha maji toka alfajiri. Wengine walipika uji wakauacha milangoni kwa wagonjwa, bila kuuliza nani Mwislamu na nani Mkristo. Mikidadi alipewa kazi ya kupeleka maji yaliyochemshwa. Alibeba madebe mawili kwa baiskeli, akayaweka kizingitini, akabisha hodi na kuondoka kabla hajaonwa uso. Alifanya hivyo siku tisa.

Siku ya kumi, kwa Mwanahija, mlango ulikuwa wazi. Binti wa marehemu alikuwa ameugua naye akapona, amekaa kwenye mkeka, mwembamba, na kikombe kiko tayari. Mikidadi hakuwa na pa kukimbilia.

Mwanahija alichota, akainua kikombe. "Mungu amrehemu Bi Mwanaiddi," alisema, akanywa.

"Usiseme hivyo, mwanangu," Mikidadi alisema. "Si wewe wa kuyasema. Maji ya kisima kile ndiyo yaliyomchukua mama yako, na mbao nilizing'oa mimi."

"Najua, mjomba. Nilikuwepo, nilikuona." Alipumzika, maana bado hakuwa na nguvu. "Sheikh ametutangazia wote kwamba maji ya masufuria yale tunayatoa kwa niaba ya Bi Mwanaiddi, mpaka maradhi yaishe. Kila nyumba inasema. Wewe unabisha hodi unakimbia, utasikia wapi?"

Alikisuuza kikombe, akakijaza, akamnyooshea. "Kunywa na wewe. Umeendesha tangu alfajiri."

Mikidadi alikaa chini pale kizingitini, machozi yakimtoka waziwazi. Alikipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu achimbe kisima, alifungua kinywa kusema yale maneno, na Mwanahija akasubiri.

"Mungu amrehemu mama yako," alisema.

"Amina," Mwanahija alijibu, naye Mikidadi akanywa.