Fungu la Majani Mlangoni Pangu

Mboga za Bariadi zilinipa kiburi. Nimetoka Mombasa kuja kufanya kazi huku, nimepanga chumba Somanda kwa Mama Kulwa, na kila jani geni nikiliona lazima nijue ladha yake. Mlenda niliuweza. Mgagani, pamoja na uchungu wake, niliuweza. Basi nikajiona fundi.

Jumamosi asubuhi nikakuta fungu la majani mabichi limeegemezwa mlangoni pangu, limefungwa kamba ya katani. Nikajua nimeletewa zawadi. Nikanusa, nikatafuna jani moja. Chungu, lakini linanukia kama ndimu! Kwenye supu ya mifupa lingekuwaje? Nikalikatakata fungu lote, na kwa pupa yangu sikufungua hata kamba. Vijiti vilikuwa vigumu, nikachemsha mpaka adhuhuri, nikatia karanga, halafu nikamwita Mama Kulwa aonje.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

Akaitikia, akanywa kidogo kwa adabu, kisha akatafuna kwa muda mrefu sana.

"Mboga gani hii, mwanangu?"

"Nilitaka nikuulize wewe. Nimeikuta mlangoni."

Akaweka kijiko chini. Akautazama uwanja wetu, umejaa majani makavu.

"Hapa tunafagia kwa zamu," akasema taratibu. "Ukimaliza yako, unamwegemezea mwenzio ufagio mlangoni."

Akachomoa kipande cha katani kwenye meno, akaniwekea kiganjani.

"Leo zamu yako. Haya, fagia."