Bega la Mlima Juu ya Kasenyi

Kabla ya vita vya Ituri, mashariki mwa Kongo, Hippolyte alikuwa mbeba samaki. Alifunga mzigo wake Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa Albert, akaupandisha mgongoni hadi Bogoro na kuendelea mpaka soko la Bunia. Magari yalifuata barabara. Yeye alikata mteremko kwa njia ya miguu, katikati ya majani marefu na mawe.

Mei 2003, mji wa Bunia ulipowaka, aliishuka njia hiyo pamoja na mke wake Angélique na binti yao Divine, mwenye miaka minne. Mtoto alikuwa na homa kwa siku mbili. Asubuhi ya pili, mahali ambapo mlima umetokeza kama bega na ziwa lote linaonekana, alikata roho mgongoni mwa mama yake. Hippolyte alichimba kwa panga, akapanga mawe juu, wakaendelea kushuka kwa sababu risasi zilikuwa zinasikika nyuma yao.

Waliporudi Bunia walizaa wengine wawili. Hata hivyo, Angélique hakuacha kumwita mumewe Papa Divine.

Kufikia 2010 kulikuwa na amani, ile ya watu kujenga nyumba za matofali huku mfuko wa kukimbilia ukiwa bado umefungwa nyuma ya mlango. Wazungu wa mashirika ya misaada walichoka kukaa ndani ya nyua zao. Bruno, dereva wao, aliwaambia kuna mtu anayejua njia ya miguu mpaka ziwani. Jumamosi ya kwanza, siku ya posho kwa lugha ya Bunia, walikuja wanne. Baada ya miezi michache walikuwa wanakuja tisa, kumi, na Hippolyte akawa mtu wa kuongoza wageni. Aligundua haraka kwamba hawakutaka njia fupi. Walitaka miamba, matope na maporomoko ya maji. Pale ambapo zamani alilaani, mzigo ukiwa mgongoni, wao walipiga makofi.

Mwanzoni aliwapitisha chini ya lile bega, wasilione. Lakini siku moja daktari mmoja mwanamke alipanda peke yake, akawaita wenzake kwa sauti. Tangu hapo kila kundi liliomba lifike pale. Wakila mkate, Hippolyte alisimama pembeni akiwapa mgongo, akisema anaangalia mvua.

Nyumbani hakusema kitu. Kisha yule daktari, akiaga kurudi kwao, alimtumia picha kubwa ya kumbukumbu: wageni wakila mkate pale begani, ziwa nyuma yao. Angélique aliishika muda mrefu.

"Papa Divine, hapa ni wapi?"

Hippolyte aliinama, akavua viatu.

"Ninakuuliza. Hapa ni wapi?"

"Ni kule."

"Na hii batu banakula mukate juu yake?"

"Habajue, mama. Sikubaambiaka."

"Weye unajua."

Hakupaza sauti. Aliiweka picha mezani, uso chini. "Kesho utanipeleka. Bazungu unabapelekaka kila posho. Miye hujanipeleka hata siku moja."

Walikwenda. Magoti yalimuuma Angélique, lakini alikataa kupumzika. Walipofika, mawe hayakuwa tena mahali pake. Wageni walikuwa wameyapanga mviringo, wapate pa kukaa, na katikati mlikuwa na majivu. Hippolyte alitafuta mti aliouwekea alama siku ya kuzika, ulikuwa umeungua. Alizunguka majanini, akagusa ardhi kwa fimbo.

"Ilikuwa hapa," alisema. Kisha, "Ao hapa."

Angélique alifungua kitambaa kichwani, akaketi chini. "Basi, nitalilia fasi yote, hapa na hapa."

Akalia. Hippolyte naye alilia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya panga.

Baada ya hapo aliwaambia wageni kwamba njia ya juu imebomoka, akawapitisha bondeni, ambako ziwa halionekani. Walikuja mara mbili tu, kisha wakaacha. Bruno alipombana, Hippolyte alimweleza ukweli.

"Ungebaambia, yaya," alisema Bruno, akimwita kaka mkubwa. "Bangeelewa."

"Bangeelewa," Hippolyte alisema, "na kisha bangetaka kuona."

Miaka iliyofuata, kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu, mke na mume walipanda wao wawili. Mwishoni mwa 2017 vijiji vya Djugu, kaskazini mwa Bunia, vilianza kuwaka upya, na haukupita muda mrefu hata askari wakaanza kuwazuia watu wa miguu pale Bogoro na kuwarudisha mjini. Hippolyte sasa analinda lango la ghala moja la mjini, mchana.

Mwaka ule wa kwanza wa kushindwa kwenda, Angélique alisimama kwenye mstari kanisani ili jina la Divine lisomwe misani. Katekista Antoine aliandika jina daftarini, akainua kichwa.

"Alizikwa parokia gani, mama?"

"Mu njia," Angélique alisema.

Katekista aliacha sehemu ya parokia wazi, akamwita mtu aliyefuata.